Msangamkuu: Mchanga Uliozaa Bandari

Meli inayopakia korosho za Masasi na Newala katika bandari ya Mtwara haitikisiki. Nje, upande wa mashariki, Bahari ya Hindi inaunguruma, hasa miezi ya kusi, na mawimbi yanavunjika kwenye mwamba usiku na mchana. Ndani ya ghuba maji yametulia kama yaliyomo mtungini. Hakuna serikali iliyojenga ukuta wa kuyazuia mawimbi hayo, wala mkandarasi aliyelipwa kwa kazi hiyo. Kinachoyazuia ni ulimi wa nchi kavu, wenye minazi na vijiji vya wavuvi, unaoitwa Msangamkuu.

Jina hilo halihitaji mkalimani. Msanga, katika lugha nyingi za pwani yetu, ni mchanga. Msangamkuu ni mchanga mkuu. Wazee waliolipa eneo lile jina hawakuhudhuria darasa la jiografia, lakini walijua wamekaa juu ya nini.

Nilipozungumzia habari hii redioni Jumapili iliyopita, msikilizaji mmoja wa kwetu Newala aliniuliza: "Ndugu mtangazaji, sisi watu wa mlimani tuna habari gani na mchanga wa baharini?" Ni swali la haki. Mimi mwenyewe nimezaliwa Newala, na nilikuwa mtu mzima kabla sijapanda kivuko cha kwenda Msangamkuu kwa mara ya kwanza. Jibu langu ni kwamba tunahusika kwa mambo mawili. Sehemu ya mchanga wa pwani ya kusini imetoka kwetu mlimani. Na mali yetu inayokwenda ng'ambo inapita nyuma ya mgongo wa mchanga. Mtu akiambiwa kwamba ukuta wa ghala lake umejengwa kwa kitu kinachotembea, hana budi kuuliza kinatembea kwenda wapi.

Tuanze na ujenzi wenyewe.

Pwani yetu ina pepo mbili kuu. Kusi huvuma tangu kiasi cha Aprili hadi Oktoba, ikitoka kusini mashariki, na ndiyo yenye nguvu. Kaskazi huvuma tangu Novemba hadi Machi, ikitoka kaskazini mashariki, na kwa kawaida ni ya upole zaidi. Wimbi linaloletwa na kusi haliufikii ufuko kwa kuunyookea, linaujia kimshazari. Linapopanda, hubeba chembe za mchanga kwa mshazari huo huo. Maji yanaporudi, huziteremsha wima hadi baharini. Wimbi la pili likija, huzichukua tena na kuzipandisha hatua moja mbele. Hivyo chembe moja hupanda na kushuka, hupanda na kushuka, kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake, na jioni inapofika imekwisha sogea kaskazini. Kaskazi ikianza, baadhi ya chembe hurudishwa kusini, lakini si zote. Tena, mbele ya Tanzania kuna mkondo wa bahari unaoelekea kaskazini mwaka mzima. Ukipiga hesabu ya mwaka, salio liko upande wa kaskazini.

Pwani iliyonyooka huuacha mchanga uendelee na safari. Lakini pwani ikikata kona ghafla kuingia ghubani, mawimbi hupoteza nguvu, na asiye na nguvu hawezi kubeba mzigo. Mchanga hutuliwa pale pale kwenye kona. Mzigo wa mwaka huu hulala juu ya ule wa mwaka jana, hadi ulimi unatokeza, unarefuka mbele ya ghuba, na ncha yake inapinda kuelekea ndani. Nyuma yake maji hutulia. Tope jepesi hutua, na mikoko hushika mizizi. Juu, mchanga mkavu unaopeperushwa na upepo hunaswa na mimea itambaayo. Mwisho huja binadamu na minazi yake, visima vyake na makaburi yake.

Kama rasi nyingi za pwani yetu, mifupa ya rasi hizi za kusini ni mwamba wa matumbawe ya kale, na nyama yake ni mchanga. Mifupa hukaa. Nyama hunenepa na kukonda. Kila siku ya Mungu rasi ya mchanga inapata na inapoteza. Ikipata zaidi, inarefuka. Ikipoteza zaidi, inapungua, na siku bamvua likikutana na dhoruba, bahari inaweza kuikata katikati kama mtu akatavyo mkate.

Chembe hizo zinatoka wapi? Zina wazazi wawili.

Mzazi wa kwanza ni mwamba wa matumbawe. Wavuvi wanamjua samaki aitwaye pono, mwenye mdomo kama wa kasuku. Pono huyaguguna matumbawe ili apate chakula, na kile asichoweza kukimeng'enya hukitoa kikiwa mchanga mweupe. Ongeza hapo maganda ya konokono na chaza yaliyosagwa na mawimbi, na vipande vya matumbawe vinavyovunjika wakati wa dhoruba. Ufuko mweupe unaowapendeza watalii ni mifupa na magamba ya viumbe wa baharini.

Mzazi wa pili ni nchi kavu. Ukifika Newala mjini, waombe wenyeji wakupeleke mahali paitwapo Shimo la Mungu. Hapo uwanda wa Makonde unakatika mbele ya miguu yako, na mbali kule chini unaliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake nchi ya Msumbiji. Uwanda huo ni wa mchanga na mawe laini ya mchanga. Ndiyo maana mvua ikinyesha mlimani maji hayakai. Yanazama kama yaliyomiminwa kwenye chekeche, na kwa vizazi vingi mama zetu waliteremka magengeni kuyafuata na kuyapandisha kichwani. Maji yale yanayozama na kuibukia mabondeni, pamoja na yale yanayotiririka juu wakati wa masika, hayaondoki mikono mitupu. Yanaondoka na mchanga.

Masasi iko chini ya ukingo wa magharibi wa uwanda, kati ya vilima vyake vya mawe. Mvua ya upande ule ina njia mbili. Nyingine huingia mto Lukuledi ikaelekea kaskazini mashariki hadi ghuba ya Lindi. Nyingine huteremkia Ruvuma, mto wenye urefu wa kiasi cha kilomita 800, unaomwaga maji yake kusini mwa Msimbati. Kwa hiyo shamba la Masasi lililoachwa wazi baada ya kufyekwa linaweza kupeleka udongo wake baharini kwa milango miwili. Karibu na mlango wa mto, ufuko hula zaidi chakula cha mto. Kadiri unavyokwenda mbali, sehemu ya mwamba huwa kubwa. Lakini yote ni meza moja.

Sasa tuingie katika historia, maana watu wamekuwa wakiishughulikia pwani hii ya mchanga kwa karne nyingi, na si wote walioielewa.

Wamakonde wana simulizi ya asili yao. Mtu wa kwanza alijichongea mwanamke wa mti, naye akawa mtu hai. Mtoto waliyemzaa karibu na mto alikufa. Waliyemzaa walipopanda kidogo naye akafa. Wa tatu, aliyezaliwa juu kabisa mlimani, akaishi. Toka hapo ukawekwa wosia: watoto wa mtu huyu wasikae mabondeni, karibu na maji makubwa. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, alishangaa kuona watu wanakubali kwenda mbali sana kuchota maji kuliko kuhamia yaliko. Wosia huo ulikuwa na faida yake, kwa sababu huko chini kulikuwa na magonjwa, na njia za wavamizi na wafanyabiashara ya watumwa zilipita huko.

Lakini wosia haukukata biashara. Mlimani hapana chumvi. Watu waliteremka pwani na sandarusi, mpira wa porini, nta na nafaka, wakarudi na chumvi, nguo na samaki wakavu. Mikindani na Lindi ndiyo yalikuwa masoko. Katika masoko hayo hayo walipitishwa binadamu waliofungwa minyororo. Na mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipoongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Unguja kuelekea bara, walishukia Lindi, wakapanda kwa miguu hadi Masasi, na huko wengi wao wakaomba kubaki kwa kuwa walijiona wamekaribia makwao. Mji wa Masasi wa leo una mizizi katika safari hiyo iliyoanzia ufukoni.

David Livingstone alikuwa amekwisha pambana na mchanga wa Ruvuma kabla ya hapo. Mwaka 1861 aliingia mtoni na meli yake, Pioneer, akitafuta njia ya maji ya kufikia bara bila kupita katika himaya ya Wareno. Maji yalipoanza kupungua akalazimika kugeuza. Mwaka 1862 akarudi na mashua ndogo, akapanda kiasi cha kilomita 250, lakini mafungu ya mchanga na hatimaye mawe yakamwambia rudi. Mwaka 1866 akaja mara ya tatu, katika safari yake ya mwisho. Tarehe 22 Machi akafika mlango wa Ruvuma na wanyama wake wa mizigo, wakiwamo ngamia. Ngamia hao wangepita wapi katika tope la mikoko? Akaondoka, akaenda kuwashusha Mikindani, na safari yake ya bara ikaanzia hapo. Msomaji ataona kwamba njia ya mzungu huyo maarufu kuingia bara haikuamuliwa London wala Unguja. Iliamuliwa na mchanga, tope na mikoko.

Baadaye wakaja wachora ramani. Tarehe 30 Desemba 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba mto Ruvuma uwe mpaka kati yao. Juu ya karatasi mto ni mstari. Huku kwetu mto ni kitu kinachojigeuza kila masika, kinachozaa visiwa vya mchanga na kuvifuta, na mlango wake hautulii. Mwaka 1894 Wajerumani wakaichukua Kionga, sehemu iliyo kusini mwa mlango wa Ruvuma, wakaifanya yao. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wareno wakaitwaa, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaithibitisha kuwa mali yao. Wenyeji wa Kionga hawakuulizwa hata mara moja. Wala ubishi haukuishia hapo, kwa kuwa mwaka 1936 na 1937 Waingereza, waliokuwa wanaitawala Tanganyika, na Wareno waliandikiana barua rasmi kuhusu mpaka wa mtoni na visiwa vyake.

Serikali zetu huru zilifanya jambo la busara zaidi. Mwaka 1988 Tanzania na Msumbiji zilitia saini mkataba wa mpaka wa baharini. Mstari wa kufunga ghuba ya Ruvuma ulivutwa kutoka Ras Mwambo upande wetu hadi rasi ya Suafo upande wa Msumbiji, na kila ncha ikaandikwa kwa digrii zake za latitudo na longitudo. Maana yake ni kwamba hata bahari ikiila rasi au ikiirefusha, namba za mkataba hazitembei. Waliouandika walijua kwamba pwani haina ahadi.

Si kila mtu alikuwa na busara hiyo. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, Mwingereza mmoja mstaafu aliyejenga Msimbati alitangaza kwamba rasi ile ni dola huru, akaitengenezea bendera. Baada ya uhuru Serikali ilimwondoa. Wazee huisimulia habari hiyo kwa kicheko, na kweli inachekesha. Lakini mtu anayejenga nyumba ya kudumu juu ya mchanga unaosafiri, akaamini hati yake ya kiwanja itauzuia, tofauti yake na mzee yule ni ndogo.

Turudi Msangamkuu. Mikindani, bandari ya kale, ina maji machache kwa meli kubwa. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake. Ilitakiwa bandari ya kupakia shehena ya karanga, na macho ya wahandisi yakaangukia ghuba ya Mtwara, yenye kina kirefu na yenye Msangamkuu kwa mlinzi. Gati zikajengwa, reli ikawekwa hadi Nachingwea na baadaye Masasi, mji mpya ukapimwa. Kichekesho ni kwamba mpango wenyewe ulikufa mwaka 1951, ukiwa umemeza paundi milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza, na bandari ikafunguliwa mwaka 1954, karanga zenyewe zikiwa hazipo. Mwaka 1962 reli ikafungwa, na vyuma vyake vikang'olewa. Kati ya mambo makubwa yaliyokusudiwa wakati ule, lililobaki ni bandari, yaani lile ambalo sehemu yake ngumu ilikuwa imekwisha fanywa bure na bahari.

Pengo la karanga likajazwa na korosho. Mkorosho unapenda mchanga, na uwanda wa Makonde ni mchanga. Msimu wa 1973/74 Tanzania iliuza kiasi cha tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka kusini. Kisha ugonjwa wa ubwiriunga, bei mbaya na watu kuhamishwa mbali na mashamba yao viliuangusha mkorosho, hata mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Ulipofufuka, ulifufuka kwa kishindo: msimu wa 2017/18 taifa lilivuna zaidi ya tani 313,000. Bandari ikaongezewa gati jipya la mita 300. Mkulima wa Newala anayelipia ada ya shule, na mkulima wa Masasi anayeezeka bati, wote wawili mali yao hupita kwenye maji yaliyotulizwa na rasi ile ya mchanga.

Nawe mkazi wa Dar es Salaam usidhani umesahaulika. Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, kwenye rasi ya Msimbati. Tangu mwaka 2015 bomba kubwa linaipeleka gesi ya kusini Dar es Salaam. Watu wa Mtwara walilipinga bomba hilo mwaka 2013, ikatokea vurugu na watu wakapoteza maisha, kwa sababu waliuliza swali moja: sisi tunabaki na nini? Swali hilo sitalijibu kwa niaba yao. Nasema tu kwamba unapowasha taa Kariakoo au Sinza, sehemu ya umeme huo mizizi yake iko katika rasi ya mchanga ambayo huenda hujawahi kulisikia jina lake.

Je, rasi hizi zinaweza kutuponyoka? Tusibishane kwa nadharia. Mifano tunayo.

Wa kwanza uko Dar es Salaam. Fukwe za kaskazini mwa jiji, toka Mbezi hadi Kunduchi, zilijengwa hoteli za kitalii katika miaka ya 1960 na 1970. Fukwe hizo zililishwa mchanga na mito midogo kama Mbezi na Tegeta. Jiji lilipopanuka, malori yakaingia mitoni kuchota mchanga wa kujengea. Baharini, baruti za wavuvi haramu zikavunja matumbawe yaliyokuwa yakipunguza nguvu ya mawimbi. Ufuko ukanyimwa chakula, na wakati huo huo ukaondolewa ngao. Bahari ikaanza kula. Hoteli ya Africana ikaachwa, na mmomonyoko ulikuwa miongoni mwa yaliyoiua. Leo makondakta wa daladala wanaita "Afrikana! Afrikana!" na abiria wengi wanashuka hapo bila kujua kwamba wanaita jina la marehemu. Hoteli nyingine zikajenga kuta na matuta ya mawe kuingia baharini. Tuta huukamata mchanga upande mmoja, lakini jirani wa upande wa pili hukosa mgawo wake, naye hulazimika kujenga tuta lake. Ni kama kuzuia maji ya mfereji: aliye juu ananywesha bustani, aliye chini analala na kiu.

Mfano wa pili ni kisiwa cha Maziwi, mbele ya Pangani. Kilikuwa kisiwa kidogo cha mchanga, chenye mivinje, na kasa walikuja kutaga kwa wingi. Mwaka 1975 kilitangazwa kuwa hifadhi. Kabla miaka kumi na mitano haijatimia, hakikuwa kisiwa tena. Miti iliisha, na kukatwa kwa mivinje kunatajwa miongoni mwa sababu. Bila mizizi ya kuushika, mchanga ukaondoka. Siku hizi Maziwi ni fungu linaloonekana maji yanapokupwa na kuzama maji yanapojaa. Tangazo la hifadhi lilikuwapo wakati wote. Bahari haisomi matangazo.

Huko kusini dalili za hatari zilikuwapo mapema. Katika ghuba ya Mikindani matumbawe yamechimbwa na kuchomwa kuwa chokaa ya kujengea. Kwa miaka mingi baruti zililia katika maji ya Mtwara. Mikoko imekatwa kwa nguzo, kuni na kupisha mashamba ya chumvi. Habari za gesi zilipovuma, ujenzi uliongezeka mjini, na kila tofali linataka mchanga. Nazo tufani hazikutusahau. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita kusini kidogo tu ya mpaka wetu na kuvunja vijiji vya Cabo Delgado. Bahari ya dunia nayo imepanda kwa kiasi cha sentimita 20 tangu mwaka 1900, na inaendelea kupanda. Kwa mtu wa Newala sentimita 20 ni mchezo wa watoto. Kwa kijiji kilichojengwa juu ya mchanga, bamvua la usiku linapokuja na upepo, huenda ikawa ndiyo tofauti kati ya maji kuishia uani na maji kuingia chumbani.

Hapa ndipo namjibu kikamilifu yule ndugu yangu wa Newala. Mtu anaweza kusema: kama rasi inaishi kwa mchanga wa mlimani, basi tufyeke miti zaidi ili tuilishe vizuri! La hasha. Mvua inayopiga mlima uliovuliwa nguo haileti mchanga peke yake, inaleta tope. Tope likifunika matumbawe na majani ya baharini, mzazi wa kwanza wa mchanga hufa. Rasi inahitaji kulishwa kidogo kidogo kila mwaka, si kushibishwa siku moja na kuuawa mama yake. Mkorosho na mwembe vinavyoushika udongo wa ukingo wa Newala, na pori linaloachwa kwenye miteremko inayoelekea Ruvuma, vinafanya kazi hadi Msimbati.

Hatukosi sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari na kingo za mito. Mwaka 2000 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, inayojumuisha Msimbati na misitu ya mikoko ya mdomo wa mto. Lakini mita 60 zinapimwa kutoka wapi, ikiwa ufuko wenyewe unasogea? Nyumba iliyojengwa kihalali mwaka huu inaweza kujikuta ndani ya katazo baada ya miaka ishirini bila kuhama hata hatua moja. Maofisa ardhi wa pwani wanapaswa kupima kwa kutazama historia ya ufuko, jinsi ulivyokuwa miaka 30 au 50 iliyopita. Ushahidi upo kwa wazee wa Msangamkuu, wanaoweza kukuonyesha minazi iliyokuwa katikati ya shamba na sasa imesimama ukingoni. Upo pia katika picha zilizopigwa kutoka angani.

Basi naomba mambo matatu, na hakuna linalohitaji mkopo wa nje. Mchanga wa kujengea uchimbwe mbali na fukwe na mbali na vijito vinavyozilisha, na halmashauri zitaje maeneo hayo wazi ili fundi asiwe na kisingizio. Mikoko ya nyuma ya rasi ihesabiwe kuwa sehemu ya bandari, ilindwe kama gati linavyolindwa, kwa kuwa kazi yao ni moja. Na katika fedha zinazokatwa kwenye kilo ya korosho, kiwepo kifungu cha kupanda na kutunza miti kwenye miteremko ya Newala, Tandahimba na Masasi. Wanaokatwa fedha hizo wana haki ya kuona zinawalindia njia ya kuuzia mali yao.

Kivuko cha Msangamkuu kinaendelea kuvusha wavuvi, wanafunzi na akina mama wenye ndoo za dagaa, safari fupi ya maji matulivu. Utulivu huo umetuhudumia tangu mwaka 1954 bila kututumia ankara. Wa Kunduchi waliletewa ankara yao wakiwa wamekwisha chelewa. Sisi wa kusini bado tuna muda wa kulipa kwa hiari, kwa miti na kwa kujizuia, na gharama yake ni ndogo kuliko ya ukuta wowote wa mawe.